Shajara ya mradi: tope la Makupa na kiu yake

Februari, kaskazi bado inavuma

Ruhusa imetoka na bajeti imeidhinishwa, ingawa imekatwa. Tutachukua tope la chini ya hori la Makupa, nyuma ya bandari ya Kilindini, tulitie dawa za kuoksidisha maabarani, tuone sumu ya mafuta inavunjika kwa kiasi gani na kwa gharama gani. Baharini hatumwagi kitu. Kazi yote ni ya chupa, na bajeti ikistahimili, ya mapipa.

Kwa nini Makupa? Aliyewahi kuvuka pale akitoka kisiwani kwenda Changamwe anajua. Hapo ndipo lilipokuwa jaa la Kibarani, lililopokea taka za mji kwa miaka mingi na kuzishusha majini kila mvua iliponyesha. Upande wa bara yamesimama matangi ya mafuta, na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofanya kazi tangu 1963 hadi kilipoacha kusafisha mwaka 2013. Mwaka 1988 tangi lilitoboka, takriban tani 5,000 za mafuta zikaingia horini, na mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja bandarini, safari hiyo mikoko ya Port Reitz ikapata pigo. Mafuta yanayoelea watu huyaona na kuyapigia kelele. Yakishazama na kushikana na tope, hakuna anayeyauliza tena mpaka siku bandari inapotaka kuchimba.

Na bandari lazima ichimbe. Njia ya meli ya Kilindini ilichimbwa kufikia kina cha mita 15, kazi iliyokamilika mwaka 2012, na mito haijaacha kuleta udongo. Mashapo yanayochimbuliwa kwa kawaida yana pa kwenda pawili. Yakiwa safi hutupwa bahari kuu, kwa masharti ya Mkataba wa London wa 1972. Yakiwa na sumu itabidi yawekwe nchi kavu, na Mombasa nani ana kiwanja cha kuweka sumu?

Sumu yenyewe ni kundi la hidrokaboni zenye pete nyingi. Nitaziita PAH, maana ndivyo kila mtu wa maabara anavyoziita. Ndogo kabisa ni naftalini yenye pete mbili, ileile ya vidonge vya kabatini vya kufukuzia nondo. Fenanthrini ina pete tatu, pireni nne, benzo(a)pireni tano. Hii ya mwisho shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika Kundi la 1: hapana shaka kwamba husababisha saratani kwa binadamu. PAH hutoka katika mafuta ghafi, moshi wa dizeli, lami na taka zinazochomwa. Pete zikiongezeka, huyakimbia maji na kung'ang'ania tope.

Kwa kulinganisha tutatumia viwango vya mwongozo vya Kimarekani: jumla ya PAH ikiwa chini ya mikrogramu 4,022 kwa kilo ya mashapo makavu, madhara kwa viumbe huonekana mara chache, ikipita 44,792, huonekana mara nyingi. Takwimu hizo zilikusanywa kwenye pwani za Amerika Kaskazini, kwenye wanyama wengine na joto jingine. Tunazitumia kama alama za njiani tu.

Machi, bamvua

Tulingoja bamvua ili maji yakitoka yatoke kwelikweli na kingo za hori zibaki wazi. Tulipata nafasi kabla ya jua kuwa kali. Karibu na kingo tulitumia vijiko vya chuma kisichoshika kutu, na penye maji tukashusha kinasio cha Van Veen kutoka kwenye mashua. Sampuli ziliingia katika chupa za glasi zilizofunikwa kwa karatasi ya alumini, kisha kwenye barafu. Plastiki hatuitumii, kwa sababu PAH hunata kwenye plastiki na plastiki nayo huchangia uchafu wake.

Juu kuna ngozi nyembamba ya kahawia. Ukiichana tu, chini ni jeusi tii, na harufu ya mayai viza inakupiga usoni. Hiyo ni haidrojeni salfaidi. Kule chini hakuna oksijeni, vijidudu vinapumulia salfeti ya maji ya bahari badala yake, na salfaidi wanayoitoa inaungana na chuma cha udongo kufanya ule weusi.

Mzee mwenye mashua alitutazama tunavyokoroga, akasema, "Mwanangu, tope hili ukilivuruga samaki hufa, hata kama halina mafuta." Nikamwambia kweli, mzee wangu. Salfaidi ikikutana na maji yenye oksijeni huinyang'anya oksijeni yote iliyopo. Baadaye garini nikawaza: kama tope hili linanyang'anya oksijeni ya bahari, litatufanyia nini sisi tutakapolitilia dawa ambayo kazi yake yote ni kutoa oksijeni?

Tulichukua pia tope la pili karibu na mdomo wa Kilindini, upande wa miamba. Kwenye shajara nitaliita tope la nje, na lile la Makupa tope la ndani.

Machi, mwisho wa mwezi

Mwalimu wangu alitaka tuanze na PAH. Mimi nilitaka tuanze na kila kitu kisichokuwa PAH, na kwa sababu mashine ya kromatografia, inayotenganisha na kupima PAH, ilikuwa na foleni ya watu wengine, nilipata nilichotaka.

Chokaa kwanza. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale. Ukienda bara, kuelekea Changamwe na nyuma ya Port Reitz, unakuta miamba ya mfinyanzi ya zama za Jura, na mito ya Mwache na Cha Shimba huibomoa na kuileta chini. Kwa hiyo tope la ndani ni udongo wa mito: laini, zito, lenye chuma. Tope la nje lina unga wa matumbawe na magamba ya kombe. Kwa jicho yanakaribiana. Ukiyadondoshea asidi, la ndani linatoa mapovu machache, la nje linachemka.

Kipimo cha chokaa tulikifanya kwa njia ya kale: unatia asidi, unapima gesi inayotoka. Tope la nje lina chokaa mara kadhaa ya lile la ndani. Hapa kuna hesabu ambayo kila anayeota kusafisha tope la pwani ya matumbawe angeiandika ukutani. Uzito wa molekuli wa kalsiamu kaboneti ni 100, wa asidi ya salfuriki ni 98, nazo huliana moja kwa moja. Maana yake ni kilo kwa kilo. Tani moja ya mashapo yenye chokaa asilimia 20 itakunywa karibu kilo 200 za asidi safi kabla uchachu wa maji yake haujasogea mahali panapofaa. Na PAH bado haijaguswa hata moja.

Kisha tukapima viumbehai vilivyooza, kwa kuchoma tope kavu katika tanuri la nyuzi 550 na kupima uzito uliopotea. Kisha salfaidi. Mwisho tukapima kile nilichokiita kiu: tope linatiwa kiasi kinachojulikana cha haidrojeni peroksidi, dawa yetu ya kuoksidisha, linaachwa hadi kesho yake, halafu kwa titresheni ya pamanganeti tunaona kimebaki kiasi gani. Tope la ndani lilikunywa yote. Tukaongeza. Likanywa tena.

Aprili, mvua zimeanza

Fenton, yaani peroksidi na chuma. Ni jina la mwanakemia wa Cambridge, H. J. H. Fenton, ambaye mwaka 1894 alichapisha kuhusu asidi ya tartariki kuoksidika panapokuwa na peroksidi na chembe ya chuma. Hakuwa na habari na matope ya bandari. Miaka 40 baadaye, mwaka 1934, Haber na Weiss walieleza kinachotokea: chuma chenye chaji mbili huipasua peroksidi na kutoa radikali ya haidroksili, kitu chenye hamu kubwa ya kunyakua elektroni kuliko karibu kila kioksidishi tunachokijua majini. Kinavamia pete za PAH, kinaziongezea oksijeni, zinafunguka, na mambo yakienda vizuri kinachobaki ni kaboni dioksidi na maji.

Ila kuna sharti. Chuma lazima kibaki kimeyeyuka, na hilo hutaka maji makali ya asidi, pH karibu na 3. Juu ya hapo chuma hugeuka kutu, kikakaa chini.

Tope la ndani lilikubali. Asidi kiasi, subira, pH ikashuka na ikakaa. Chuma cha kuongeza kilikuwa kidogo kwa sababu tope lenyewe limejaa chuma, zawadi ya mito. Peroksidi tulianza na ile ya maabara ya asilimia 30 (ile ya famasi ya kuoshea vidonda ni asilimia 3), tukaizimua na kuidondosha polepole, chupa ikiwa ndani ya barafu. Bila barafu joto linapanda, na joto likipanda peroksidi inajivunja yenyewe kuwa maji na oksijeni bila kufanya kazi yoyote.

Tope la nje ni habari nyingine. Kila ukishusha pH, chokaa inairudisha. Unashusha, inarudi. Povu la kaboni dioksidi lilipanda kama uji uliosahauliwa jikoni, likamwagika ndani ya kabati la kunyonyea mvuke, na fundi wa maabara, ambaye huwa hasemi, akasema. Tukabadilisha chupa ndogo kwa kubwa. Mwishowe pH ilishuka, lakini kwa asidi nyingi mno, na sakafu ya chupa ikawa na tabaka jeupe la jasi, yaani kalsiamu salfeti. Tulikuwa tumegeuza matumbawe kuwa plasta.

Nimeandika pembeni ya daftari: kwa tope la nje, Fenton ya kitabuni imekwisha. Silirudii.

Aprili, baadaye

Heli, gesi inayosukuma sampuli ndani ya mashine, imekwisha. Mashine ya kromatografia imelala, sampuli ziko kwenye jokofu. Umeme nao unakatika jioni, tumeomba jenereta ya jengo iwashwe usiku kwa ajili ya jokofu tu.

Mei, masika

Tukingoja heli tunajaribu njia ya sitrati. Wazo ni rahisi: badala ya kushusha pH ili chuma kisigande, kipe kitu cha kukishika. Asidi ya sitriki, ile ya ndimu na ya soda, hukumbatia chuma na kukiacha kimeyeyuka hata maji yakiwa karibu na hali yake ya kawaida. Si ugunduzi wetu. Wanaosafisha udongo uliomwagikiwa mafuta wameitumia kwa miaka.

Kwa tope la nje ndiyo njia ya pekee yenye maana. Povu limepungua, matumbawe yamebaki matumbawe. Hata hivyo sitrati nayo ni chakula cha radikali. Kila radikali inayokula sitrati haili pireni. Kaboneti iliyoyeyuka majini inakula pia, na kloridi ya bahari inakula. Ukiorodhesha vyote vinavyokula dawa ndani ya ile chupa, PAH inakuja mwisho kabisa.

Hapa ndipo naona mradi umegeuka, walau kichwani mwangu. Tulipoandika maombi tuliuliza sumu ni kiasi gani. Lakini dawa tunayotumia haipangwi na sumu. PAH hata kwenye tope chafu ni miligramu kwa kilo. Viumbehai vilivyooza, salfaidi na chokaa ni gramu, makumi ya gramu. Unaponunua peroksidi unanunua ya kuoksidisha majani ya mikoko yaliyooza, na sumu inapata makombo. Mhandisi akija kuniuliza gharama ya kusafisha hori fulani, nitamwomba kipimo cha kiu kabla ya kipimo cha sumu.

Juni, kusi imeshika

Heli imefika, matokeo yametoka. Kwanza namna tulivyopima, maana nusu ya makosa ya kazi hizi yamo humo. Tope lililotibiwa na lisilotibiwa yote yalikaushwa kwa kuchanganywa na sodiamu salfeti, yakachemshiwa viyeyusho usiku kucha katika Soxhlet, kifaa cha glasi cha kutolea PAH kwenye tope. Mchuzi unaotoka una sulfuri nyingi, na sulfuri huharibu usomaji, kwa hiyo hupitishwa kwenye unga wa shaba iliyooshwa kwa asidi hadi shaba iache kuwa nyeusi. Kwa tope la Makupa shaba iliendelea kuwa nyeusi kwa muda mrefu. Kisha safu ya silika, kisha mashine.

Naftalini karibu imetoweka, ingawa siipi Fenton sifa yote: naftalini huruka hewani, na sehemu yake imekwenda na povu. Fenanthrini imeshuka vizuri, zaidi ya nusu katika tope la ndani. Pireni imeshuka, lakini kidogo. Benzo(a)pireni na wenzake wa pete tano na sita hawajali. Katika chupa mojawapo kimoja chao kilisomeka juu kuliko kabla ya matibabu.

Mwenzangu alidhani tumechanganya chupa. Hapana, jambo hili linajulikana: dawa ikila viumbehai vilivyooza, hufungua milango iliyokuwa imefungwa, na PAH ambayo hata Soxhlet haikuifikia mwanzoni sasa inatoka na kuhesabiwa. Haijazaliwa upya, ilikuwa imejificha.

Na maficho ndiyo kiini cha tatizo. Radikali ya haidroksili huishi chini ya sehemu ya milioni ya sekunde. Inazaliwa majini na inafia majini, hatua chache za molekuli kutoka ilipozaliwa. Benzo(a)pireni haimo majini, imejichimbia ndani ya chembe za masizi na makaa, na tope la Makupa limejaa masizi kutokana na miaka ya taka za Kibarani zilizokuwa zikiungua na mitambo ya dizeli. Dawa inabisha hodi nyumba isiyofunguliwa.

Kitu kingine tulichokitafuta kwa makusudi ni mabaki ya kati. PAH isipovunjika hadi mwisho hubaki na oksijeni mgongoni: antharasini huwa antharakwinoni, fluoreni huwa fluorenoni. Vyote viwili tumeviona. Hivi huyeyuka majini kwa urahisi kuliko mama zao, maana yake vinasafiri, na baadhi ya jamii yao si rafiki wa seli. Ripoti itakayosema "PAH imepungua" bila kuvipima inahesabu nusu ya deni.

Juni, mwishoni: persalfeti

Tulijaribu sodiamu persalfeti kwa matumaini. Radikali yake ya salfeti ina nguvu inayolingana na ya haidroksili, inadumu muda mrefu zaidi, na unga wake ni mkavu, hausumbui kusafirisha wala hauhitaji barafu. Unaamshwa kwa joto, kwa chuma au kwa alkali.

Tatizo ni chumvi. Lita ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloridi, na radikali ya salfeti huipenda kloridi. Zikikutana hutoa radikali za klorini, nazo zinaweza kubandika klorini kwenye vitu vya kikaboni. Mtu aingie kusafisha sumu atoke na sumu ya aina mpya yenye klorini? Dawa ni kuosha tope kwa maji yasiyo na chumvi kwanza. Mombasa! Mji ambao watu wake hununua maji ya mikokoteni kwa mtungi, nami niandike pendekezo la kuosha tope kwa maji matamu. Nimeliandika, kwa uaminifu wa kitaalamu, na pembeni nimeandika kwamba siliungi mkono.

Julai

Mwalimu amenituma nisome waliotangulia, ili sura ya kwanza ya ripoti isiwe na Makupa peke yake. Nimeandika mawili yaliyonikaa.

New Bedford, Massachusetts. Viwanda vya kapasita za umeme vilitumia PCB, kemikali zenye klorini, tangu miaka ya 1940 hadi ya 1970 na kuziacha ziingie bandarini. Bandari iliingizwa katika orodha ya Superfund, mpango wa serikali ya Marekani wa kusafisha maeneo yenye sumu, mwaka 1983. Sehemu chafu kabisa ilichimbwa mwaka 1994 na 1995. Mpango ulikuwa kuchoma tope hilo palepale, wakazi wakakataa katakata kuwa na tanuri la PCB karibu na nyumba zao, na mpango ukafa. Njia nyingine zikachunguzwa, zikiwemo za kulivuta PCB kwa viyeyusho na kulinyang'anya klorini. Mwishowe tope lile lilipakiwa likapelekwa kuzikwa kwenye jaa maalumu mbali na hapo. Mwaka 2013 mahakama iliidhinisha kampuni moja kulipa dola milioni 366 kwa ajili ya kazi iliyobaki. Kwangu mimi habari kubwa hapo si kemia. Wakazi walikuwa na kura.

New York na New Jersey. Mwaka 1997 eneo la baharini walikozoea kutupa tope la bandari lilifungwa, wakabaki na tope lisilo na pa kwenda. Sheria ya bunge lao ya 1992 ilikuwa imeshaagiza kutafutwa njia za kulisafisha. Mojawapo, ya kampuni ya BioGenesis, ilifanyiwa majaribio makubwa Keasbey, New Jersey, mwaka 2005 na 2006: tope linapigwa kwa maji ya nguvu, sabuni hubandua uchafu kwenye chembe, kisha peroksidi inashughulika na uchafu uliokwishabanduliwa. Utaratibu huo naupenda. Hawakuitarajia peroksidi iingie masizini kumfuata mtu; walimtoa nje kwanza. Ila ni kazi ya pampu, umeme na maji, na maji machafu yanayotoka yanataka kiwanda chake.

PCB nisingethubutu kuigusa kwa Fenton. Kadiri klorini zinavyoongezeka kwenye molekuli, ndivyo inavyozidi kuigomea.

Agosti

Tumepima metali katika maji yaliyobaki baada ya matibabu. Tope jeusi lilikuwa limefunga shaba, zinki na risasi ndani ya salfaidi, na kufungwa huko ndiko kulikokuwa kukiwafaa samaki. Peroksidi ikiila salfaidi, metali zinafunguliwa, na kwenye maji ya asidi zinaelea huru. Katika njia ya pH 3 maji ya tope la ndani yalikuwa na zinki mara nyingi zaidi ya maji ya tope lisilotibiwa. Katika njia ya sitrati hali ni nafuu, lakini si nzuri, kwa kuwa sitrati inakumbatia chuma na haimfukuzi shaba.

Tiba yake ni kurudisha pH juu kwa chokaa mpaka metali zigande. Naam, chokaa. Tulinunua asidi ya kumaliza chokaa, sasa tunanunua chokaa ya kumaliza asidi. Fundi wa maabara amecheka mpaka akakaa.

Tumefanya pia jaribio la sumu kwa Artemia, jamaa mdogo wa kamba anayeanguliwa kwa mayai makavu na kulishwa vifaranga vya samaki. Maji ya tope lililotoka tu kwenye peroksidi yaliwaua wengi kuliko maji ya tope chafu lenyewe. Baada ya kuacha peroksidi iishe na kugandisha metali, wakapona kwa kiasi kinacholingana na maji safi ya bahari. Kwa hiyo yeyote atakayefikiria kumimina dawa hizi moja kwa moja ndani ya hori hai, penye kaa na mikoko, nitampinga kwa maandishi. Tope litibiwe likiwa limechimbuliwa, ndani ya kitu chenye kuta.

Septemba

Kikao cha katikati ya mradi. Niliwaambia hivi. Kwa tope la ndani, peroksidi na sitrati zinaweza kupunguza PAH nyepesi, zile zinazosafiri majini na kuwafikia samaki kwanza. Kwa pete tano na sita tunachoma fedha. Kwa tope la nje hata la kwanza ni ghali. Sipendekezi kuongeza dozi, kwa sababu kila dozi inakwenda kwenye majani na sitrati, na kila dozi inafungua metali zaidi.

Mmoja akauliza, basi hizo nzito tuziache? Nikajibu kwamba zimejifunga zenyewe kwenye masizi, na kuna watu wameuchukua ukweli huo wakaufanyia kazi. Hunters Point, San Francisco, watafiti wa Stanford walichanganya kaboni amilifu ndani ya tope la ufuko lenye PCB, katikati ya miaka ya 2000. Sumu haikuvunjika. Ilihama kutoka kwenye maji na tope legevu ikaingia ndani ya kaboni, na viumbe wakaipata kwa uchache zaidi. Dozi za namna hiyo kwa kawaida ni asilimia chache za uzito wa tope kavu, mbili hadi tano.

Na kaboni amilifu hutengenezwa mara nyingi kwa vifuu vya nazi: vinachomwa pasipo hewa, kisha mvuke wa maji unapitishwa kwenye joto la nyuzi 800 au 900 hadi vitoboke matundu yasiyohesabika. Vifuu Kwale na Kilifi viko. Tanuri la mvuke ndilo hatuna. Kwa sasa tutanunua kaboni ya vichujio vya maji, na pembeni tutajaribu makaa ya kawaida ya vifuu, yasiyopitishwa mvuke, tuone yanapungukiwa kwa kiasi gani. Nadhani kwa mengi, ila bei yake inanitamanisha.

Walikubali, kwa sharti kwamba bajeti isizidi. Mwalimu aliongeza sharti lake: tupime kilichoyeyuka majini, si jumla iliyomo kwenye tope, maana kaboni haipunguzi jumla hata kidogo na msomaji wa haraka atasema hatukufanya kitu. Tutatumia vipande vyembamba vya polithini vilivyozamishwa ndani ya tope kwa wiki kadhaa. Vinanyonya PAH iliyo huru peke yake, na hicho ndicho kinachomfikia samaki.

Oktoba, matlai

Mapipa yamefika, ya chuma chenye rangi ya ndani isiyobanduka. Tuliyasugua na kuyajaza maji ya bahari kwanza tuone kama yenyewe yanatoa PAH. Hayatoi.

Mpango: pipa la tope la ndani lisiloguswa, pipa la peroksidi na sitrati, pipa la kaboni pekee, na pipa linalooksidishwa kidogo kwanza, kisha kuoshwa na kutiwa kaboni. Hili la mwisho ndilo ninaloliwekea dau. Oksidisho dogo limalize PAH nyepesi na lizibandue za katikati, kaboni ishike kila kitakachobaki, yakiwemo yale mabaki ya kati yanayosafiri. Tope la nje litapata kaboni tu, peroksidi haitaligusa.

Peroksidi ya mapipa imehifadhiwa kivulini na vifuniko vyake vina tundu la kupumulia. Vipande vya polithini vimekwishaoshwa kwa methanoli. Kilichobaki ni mtungi wa heli, uliahidiwa Ijumaa, na nafasi kwenye foleni ya mashine.